Kaskazi ya kwanza ya mwanangu shuleni

Januari, kaskazi ikiwa imekolea hapa Tanga, mwanangu alianza darasa la kwanza. Ana ualbino. Kabla ya hapo maisha yake yalikuwa barazani na chini ya mwembe, kutoka ni jioni. Shuleni hakuna mwembe. Kuna mstari wa asubuhi, kumwagilia maua, na mpira saa nne kamili.

Nikaenda duka la vipodozi kuulizia losheni ya jua. Muuzaji akanitolea chupa nyeupe yenye SPF 50, yaani kipimo cha kinga ya jua, kwa maandishi makubwa. "Dada'angu, hii ndiyo yenyewe. Inakinga na inang'arisha." Hilo neno la mwisho lilipaswa kunishtua, ila macho yangu yalishanasa kwenye 50. Siku ya nne mtoto akarudi mashavu yameiva, pua inabanduka, na kuoga hataki kwa sababu maji yanamchoma.

Kliniki ya ngozi, muuguzi alimwangalia mtoto, kisha akaniomba ile chupa. Hakujishughulisha na mbele, akaigeuza nyuma. Hakuna viambato, hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Akaniambia vipodozi vya kung'arisha vinaweza kuwa na haidrokwinoni au hata zebaki. Haidrokwinoni inapunguza rangi ya ngozi, na mwanangu hana ya kupunguza. Niliona haya.

Hiyo SPF, kumbe, inahusu zaidi ile miale inayounguza. Ya 30, ikipakwa vizuri, inazuia kama asilimia 97 ya miale hiyo, ya 50 asilimia 98. Mimi nilikuwa nalipia hiyo moja! Kuna miale mingine, UVA, isiyounguza haraka ila inapenya ndani zaidi, kwa hiyo nitafute chupa inayosema inakinga na hiyo pia. Nyingine huwa na kiduara chenye herufi UVA. Kwa mtoto, muuguzi alipendelea zenye oksaidi ya zinki au ya titani, maana ni nadra kuwasha. Zinaacha weupe. Mimi nikipaka naonekana kama nimetoka kusaga unga. Kwake yeye hauonekani hata kidogo.

Akanipa Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilipompaka mtoto mbele yake, akacheka. "Mama, hapo umempaka au umemwonjesha?" Nikaonyeshwa kipimo: mistari miwili, urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Halafu masikio, mikono, miguu chini ya kaptula. Nusu saa kabla ya kutoka, na kurudia kila baada ya saa mbili. Nilichodhani ni akiba ya kufika Pasaka kilikwisha ndani ya wiki tatu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile ya kwanza, hata ingekuwa halali, isingesaidia kwa nilivyoibania.

Nyumbani vita vilikuwa vya mafuta ya nazi. Mama mkwe alisisitiza wote wamelelewa nayo. "Kweli mama, lakini nyinyi mlikuja na kinga yenu ndani ya ngozi." Alinyamaza siku mbili. Ya tatu nikamkuta anamshonea mjukuu wake shati la mikono mirefu, kitambaa kizito, bila kusema neno.

Shuleni ilikuwa ngumu zaidi. Kofia ilikatazwa mstarini, eti si sare. Nilikwenda mara mbili, ya pili nikiwa na barua ya kliniki, ndipo akaruhusiwa kuvaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana na kubaki kivulini wakati wa mpira. Kurudia kupaka saa nne anasaidiwa na mwalimu wake. Chupa inakaa kabatini, si dirishani, maana joto huiharibu.

Mashavu yamepona. Sikio la kushoto, ambalo kwa haraka za asubuhi nilikuwa nalisahau, bado lina kidoa kikavu. Tumepangiwa kurudi kliniki mwezi ujao walitazame.