Klematisi imeshika kamba

Jumapili, Fort Portal

Leo asubuhi nimetoka nje na kikombe cha chai nikakuta klematisi, ule mmea wangu wa kutambaa, imechanua, tena si ua moja, ni vichala vitatu vizima, rangi ya krimu, na harufu imefika mpaka mlango wa jikoni. Nimegeuza jerikeni nikakalia hapo hapo nikaangalia mpaka chai ikapoa. Yani nimeungoja huu mmea mwaka na nusu.

Niliuokota kando ya barabara, katapila lilikuwa linapanua njia na kesho yake pale pasingebaki kitu, nikachimba mzizi nikafunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nikapanda boda. Mama mkwe alipouona akaniambia mwanangu hayo ni magugu tu, si tunayakata kila siku shambani? Na kweli yapo mengi huku, ndo maana watu hawayatazami. Jirani naye akasema hiyo ni pasheni. Hapo nikaanza kukagua majani vizuri. Pasheni jani linatoka moja moja na ina vile vikamba vya kujisokota kama springi, hii haina hata kimoja. Hii majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani limegawanyika kuwa vijani vidogo vyenye meno pembeni. Uganda tuna klematisi za porini zaidi ya aina moja, kuna simensis na kuna hirsuta, na kwa jinsi hii yangu ilivyo na manyoya laini ukiipapasa mimi naiita hirsuta mpaka mtu wa mimea aje anikosoe.

Kosa langu kubwa lilikuwa nguzo. Nilichomeka mti wa kalitusi mnene kama mkono, nikafunga shina juu, nikaona kazi imeisha, kumbe kila wiki linateleza linalala chini, nikiliinua linalala tena, siku moja nikalivuta kwa hasira likakatika katikati na utomvu ukaniwasha vidole mpaka jioni. Niliumia sana siku ile. Halafu nilipoinama kuokota kile kipande nikaona kitu: kikonyo cha jani moja kilikuwa kimejizungusha kwenye kijiti cha ufagio kilichoanguka pale, raundi moja na nusu, kimekaza hata kukitoa ni shida. Kijiti chembamba kuliko penseli! Kumbe huu mmea unapanda kwa vikonyo vya majani yake yenyewe, na kikonyo ni kifupi, sasa kitaizungukaje nguzo nene namna ile?

Basi nguzo nikaiacha lakini nikaivalisha wavu wa kuku, na kutoka pale mpaka kwenye paa nikavuta kamba za katani. Shina lilichipua tena kutoka chini, mimi kazi yangu ikawa kuelekeza machipukizi yakiwa bado laini tu, yakishakomaa yanavunjika haraka, na pale ninapofunga nafunga kwa kulegeza. Mizizi nimeifunika na majani makavu ya migomba na mawe mawili, maana inapenda ubaridi chini na jua kichwani.

Sasa haya maua, ukilisogelea moja unaona kama petali nne nyeupe, kumbe si petali, ni sepali, yaani vile vijani vya nje vinavyofunika ua kabla halijachanua, petali haina kabisa! Katikati kuna stameni, vile vijiti vya chavua, nyingi nyingi kama brashi, na nyuki walikuwa wamejaa humo toka saa moja asubuhi. Dada yangu aliyeko Uingereza hunitumia picha za klematisi iitwayo Jackmanii, ile ya zambarau yenye maua makubwa kama sahani ndogo, iliyozalishwa kule Woking karne ya 19. Ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini hii ya kwetu ina harufu, na imezaliwa na mvua hizi hizi za hapa.

Mchana mama mkwe amekuja na panga lake la kufyekea, akasimama mbele ya maua kimya, akauliza mbegu zitakuwa tayari lini. Nimemwambia asubiri mpaka zitoe mikia myeupe ya manyoya, zikikauka nitamwekea kwenye bahasha.

Jioni nimeona tawi moja limeshashika kamba ya kuanikia nguo. Nguo nimehamishia upande wa pili.