Tumbo liligoma kilomita ya 38

Nilikuwa nakimbia, nimebakiza kilomita 12 tu kuingia Mtwara mjini, karibu na Mikindani, tumbo likagoma. Lilijaa kama ngoma, nikawa nabeua sukari, mara mate yakanijaa mdomoni. Mwezi wa 11 huku kwetu mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na ile harufu tamu yenye uchachu ndiyo iliyonimaliza. Nikashika mti, nikatapika. Kilichotoka ni glukosi niliyokuwa nakunywa tangu alfajiri, rangi ya chungwa ileile, kama ilivyotoka kwenye chupa. Saa nzima ilikuwa imekaa tumboni bila kwenda popote.

Tulikuwa sita, tumejipangia mashindano yetu wenyewe ya kilomita 50: 25 kwenda kwa barabara ya Lindi, 25 kurudi. Tuliondoka saa 10 na nusu alfajiri. Mume wangu alinifuata kwa pikipiki na dumu la maji.

Baadaye dada yangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza vizuri. Ukikimbia muda mrefu kwenye joto la unyevu kama la pwani yetu, damu inakimbilia miguuni na kwenye ngozi ili kuupoza mwili, tumbo linabaki na kidogo. Linachelewa kusukuma kilichomo. Mimi nikazidi kuliongezea kazi: pakiti nzima ya glukosi kwenye nusu lita, kila nusu saa. Glukosi peke yake utumbo unapokea kama gramu 60 kwa saa. Inayozidi inabaki pale na kuvuta maji ya mwilini, ndipo unapovimba, unatapika au unaharisha. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekula kisamvu cha nazi na maharage, vyakula vizito kwa tumbo linalokwenda kutikiswa kwa muda wa saa sita.

Linaloniuma zaidi ni ibuprofeni, dawa ya maumivu, niliyomeza kilomita ya 20 kwa ajili ya goti. Dawa za aina hiyo zinaumiza tumbo ambalo tayari limekosa damu, na figo nazo zinapata shida mtu akiwa amekaukiwa maji. Wakimbiaji wengi hapa tunazitafuna kama njugu. Jamani, tuache.

Kando ya barabara palikuwa na mama anauza uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kivulini. Usinywe kitu sasa hivi, utakirudisha."

Akanimwagia maji kichwani na shingoni, kata baada ya kata, mpaka mapigo ya moyo yakashuka. Nilikaa dakika 20. Kisha mume wangu akakoroga pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji, nikawa nanywa kwa kijiko: kimoja, nangoja, kingine. Maji matupu mengi nayo ni hatari, kwa sababu yanazimua chumvi kwenye damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Nikaondoka natembea. Mangamba nikaanza kukimbia tena polepole, nikamaliza wa tano.

Tangu hapo tumbo nalifanyisha mazoezi kama miguu. Kila Jumapili nakimbia na kinywaji kilekile nitakachotumia siku ya mbio: uji mwepesi wa mchele, sukari kiasi, chumvi kidogo, mafunda mawili matatu kila robo saa. Wiki za mwanzo ulinisumbua, sasa unashuka wenyewe. Siku mbili kabla ya mbio ndefu nakula wali mweupe na samaki wa kuchemsha, basi. Na dada zangu, msione haya: tumbo la kuendesha linampata yeyote, na barabara ile haina vyoo. Kanga yangu ya kujisitiri ipo kwenye pikipiki siku zote.

Jumapili iliyopita nilikimbia 30 nikapita tena pale kwa mama.

"Tumbo?" akaniuliza.

"Limetulia, mama."

Akachota maji akanimwagia shingoni vilevile.