Iandike Njozi, Kisha Endelea Kusoma

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi. Neno letu la wiki hii linatoka Habakuki 2:2: "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kuisoma kama maji." Nimelichagua kwa ajili yetu tunaoishi kwa biashara ndogo: mama mboga, fundi cherehani, mwenye duka la rejareja, mwenye pikipiki moja ya bodaboda, na sisi tunaouza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu.

Mstari huu tumeuzoea. Husomwa kila mwaka unapoanza, tukaambiwa tuandike malengo, nasi tukaandika duka la pili, ploti, pengine gari la mizigo. Sioni ubaya wa kuyaandika hayo. Hata hivyo, tukumbuke kwamba nabii Habakuki alikuwa amesimama katika zamu yake akingoja jibu la Mungu, baada ya kumlilia kwa sababu ya dhuluma aliyoiona pande zote. Ukiendelea kusoma sura hiyohiyo, unafika mstari wa tisa, na hapo unakutana na ole kwa mtu aipatiaye nyumba yake mapato mabaya. Njozi na ole zimeandikwa karibu hivyo. Ndiyo maana ninaamini kwamba kabla ya kuuliza biashara yangu itakua kiasi gani, ninapaswa kuuliza ni nani anayepata nafuu, na ni nani anayeumia, ninapofungua kibanda asubuhi.

Niwaeleze nilivyojifunza hili. Auzaye omena, mahindi au maharagwe anaijua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao sokoni ndio mizani yetu. Anajua pia kwamba kitako chake kikigongwa kidogo kikaingia ndani, kila kipimo hupungua konzi nzima, na mteja mwenye haraka hatambui. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mkebe wa namna hiyo kwa mwenzangu aliyekuwa akiacha biashara. Kwa majuma matatu nilifurahi kuona gunia likitoa vipimo vingi kuliko zamani, na sikutaka kujiuliza sababu. Siku moja bibi mmoja anayelea wajukuu alimimina omena wake kwenye mfuko, akauchukua mkebe mtupu, akaingiza mkono ndani, akapapasa kitako polepole kwa vidole, kisha akanitazama. Hakusema neno. Akalipa, akaenda zake.

Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni neno la Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, lakini sikuwahi kulisikia kama nilivyolisikia usiku ule. Kesho yake nilinunua mkebe mpya, na nyuma ya daftari langu la madeni nikaandika sentensi moja: mtoto ale chakula kamili kwa pesa aliyonipa mama yake. Hiyo ndiyo njozi ya biashara yangu hadi leo. Ni fupi, wala haina neno shilingi, lakini imeniamulia mambo mengi. Omena wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na ni rahisi kuliko wale wanaoanikwa juu ya nyavu au vichanja. Sentensi ile iliniamuru nilipe zaidi ili mtoto asitafune mchanga. Jirani yangu alipoanza kuuza mitumba na kufanikiwa, mimi nami nilichukua mkopo wa simu nikaanza mitumba bila kuisoma sentensi yangu, na baada ya miezi minne nilikuwa nikilipa deni kwa faida ya omena. Mitumba ni kazi halali kabisa, ila nilikuwa nimefuata macho yangu.

Nabii anaambiwa pia, katika mstari wa tatu, kuhusu njozi yenyewe: "ijapokawia, ingojee." Sisi wa kandokando ya ziwa tunaelewa kungoja. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mashua hurudi na kidogo. Tena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wake hufungwa ili samaki wazaane. Mwenye biashara asiyeweka akiba kabla ya Aprili hujikuta akikopa ili ale, na mwenye deni la namna hiyo hushawishika upesi kukigonga kitako cha mkebe. Kungoja kwa imani, kwetu sisi, kunaanza Januari, kwa kutenga kiasi kidogo kila jioni katika chama cha kuweka akiba au katika simu, na kutokigusa.

Jioni moja wiki hii, ukishafunga, keti na daftari lako. Andika kwa sentensi moja ni nani anayehudumiwa na kazi yako, na kwa namna gani. Kisha mpe msaidizi wako, au mtoto anayekushikia kibanda unapokwenda kuchukua bidhaa, aisome. Akiweza kusema mwenyewe ni jambo gani hatamfanyia mteja hata kama haupo, basi umeandika wazi, naye ameisoma kama maji. Akibabaika, andika tena.

Yule bibi nilimtafuta. Nilikuwa nimesoma habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, nikampelekea gorogoro nne za omena na kumwomba msamaha mbele ya wajukuu wake. Alinisamehe, tukaomba pamoja. Siku hizi hununua omena kwenye meza ya tatu kutoka yangu, na akipita hunisalimu kwa jina.