Uzi Uliokatika Forodhani

Jioni ile ya onyesho nilipanda ngazi za Jengo la Forodha ya Zamani, Unguja, kilipokuwa chuo chetu cha muziki, huku nimeshika kitambaa kilichofungwa pete mbili za kupigia ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab. Babu alikuwa nyuma yangu, anapanda pole pole, mkono ukutani. Kila akipumzika ananambia, "Tangulia mwanangu, mimi nakuja." Sikutangulia. Nilimngoja kila mara, kwa sababu bila yeye nisingethubutu kuingia ukumbini.

Ilikuwa 2008 na mimi nina miaka 15. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilikuwa kimefungua milango yake 2002, na kwetu mtaani bado watu walikuwa wakiuliza: kuna skuli ya kufundisha taarab? Taarab inafundishwa? Hawakuuliza kwa ubaya. Kwa muda wote waliokuwa wakiufahamu wao, muziki huu mtu alikuwa akiupata klabuni, kwa kukaa.

Babu aliupata hivyo. Alipokuwa kijana alikaa mlangoni kwa wakubwa, akatumwa maji, akabeba viti, akasikiliza. Usiku mmoja mpigaji dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, hakutokea, akaambiwa, "We kijana, njoo." Tokea hapo akawa mpigaji. Hakuna aliyemwandikia jina wala kumpa somo. Ganuni ndiyo hakuigusa maishani mwake. Kile kilikuwa chombo cha wazee, kikifunikwa kwa kitambaa kama kitu cha kusaliwa. Alikuwa akinisimulia kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri kujifunza, na akarudi na ganuni Unguja. Kisha 1905 vijana wakaunda klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa. Kwa hivyo kila aliyeipiga alijiona ameshika amana iliyovuka bahari, na amana hapewi mtoto. Mtoto wa kike ndiyo kabisa. Wanawake walikuwa waimbaji, tena waimbaji wakubwa, lakini nyuzi zilikuwa za wanaume.

Mimi niliandikishwa kwa karatasi. Jina, umri, chombo unachotaka. Niliandika "ganuni" na karani hakuinua hata uso. Kitu kidogo hicho, lakini nakikumbuka kuliko sherehe zote nilizohudhuria baadaye. Mwalimu wangu alitoka klabuni, kwa hiyo nilichofundishwa ni kile kile cha akina babu, ila sasa kilikuwa na saa yake, siku yake na nota ubaoni. Makam, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake, tulizijua kwanza kwa kuziimba. Akisema Rast, mojawapo ya hizo, tunaimba Rast mpaka iingie mwilini, ndipo anaturuhusu kugusa uzi.

Atakaye kuijua ganuni na aikalie karibu. Unaipakata mapajani. Kulia daraja limekalia ngozi nyembamba, ukiigonga kwa ukucha inalia kama ngoma ndogo. Kushoto kuna safu za vyuma vidogo vya kunyanyua na kulaza, vya kupandisha sauti na kuishusha kwa vipande visivyopatikana kwenye piano. Na kila sauti moja ina nyuzi tatu zilizolazwa sambamba. Kuzilinganisha zote kabla ya onyesho huchukua muda mrefu, na unyevu wa bahari huziharibu tena kabla hujamaliza.

Jioni ile ukumbini tulianza na bashraf, kipande cha vyombo vitupu bila mwimbaji. Nilikuwa katikati, kushoto fidla mbili, kulia udi, nyuma dumbak na rika, ile tari ndogo. Nilimwona babu safu ya pili, vidole vyake vinapiga goti. Tulipoingia sehemu ya tatu, uzi mmoja wa juu ulikatika. Ulipasuka kwa mlio mkali, ukanirukia mkononi, kisha ukalala juu ya jirani zake ukiwafanya waungurume. Moyo ulisimama. Nikainua macho kumtafuta mwalimu, naye hakusimama wala hakunipa ishara ya kuacha. Aliinua vidole viwili tu.

Nilielewa. Nikautoa ule uzi uliokufa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea, nikaifikia sauti ile ile, nikaipiga. Ililia kwa nyuzi mbili zilizobaki, nyembamba kidogo, lakini mahali pake. Tukafika mwisho pamoja.

Baada ya watu kutawanyika babu alikuja jukwaani. Mkono wangu ulikuwa na mstari mwekundu, akautazama, hakusema kitu. Kisha akauliza karatasi za nota zinaniambia nini, nikamwonyesha wapi ilipo sauti iliyokatika. Akaikodolea macho muda mrefu.

Mwaka 2019, niliposoma kwamba chuo kimo hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, picha iliyonijia haikuwa ya wasanii waliotoka pale wakasafiri nchi za watu. Iliyonijia ni ya babu, siku ile, akikaa kwenye kiti changu.

"Naweza?" aliniuliza. Mtu mzima yule, ananiomba mimi ruhusa.

Nikampakatisha ganuni, nikamvisha pete kwenye vidole vya shahada. Akanyamaza, akaitafuta sauti moja, akaipiga. Kumbe ameangukia ile ile yenye nyuzi mbili. Akaisikiliza mpaka ikaisha yote, halafu akaipiga tena.