Kasa Wanaonaswa Nyavuni

Hapa Malindi, ambako hifadhi ya bahari inalindwa kisheria tangu mwaka 1968, kasa bado hunaswa katika nyavu, na kwa kuwa hupumua hewa kama sisi, akizuiwa chini ya maji kwa muda mrefu hufa. Ndiyo maana naunga mkono utaratibu wa jirani zetu wa Watamu, ambako mvuvi anayemnasa kasa hupiga simu badala ya kumchinja, waokoaji wakaja kumpima, kumtibu ikiwa ana jeraha au amemeza plastiki, kisha kumrudisha baharini, na mvuvi akapewa fidia ndogo. Wapo wanaoiita fidia hiyo rushwa. Mimi siafiki, kwani nyama ya kasa ina wanunuzi (kwa siri, bila shaka), na bila fidia mvuvi angeshawishika kuwauzia. Linalonitia wasiwasi zaidi ni ufuo wenyewe, kwa sababu taa za majengo huwapotosha kasa wachanga usiku, wakaelekea nchi kavu badala ya majini.