Mwaka wa Kupalilia

Kwetu Tabora mwaka mpya haumkuti mkulima na shamba tupu. Mvua huwa zimeanza tangu Novemba, matuta yameinuliwa, mahindi yaliyopandwa mapema yamefika magotini, miche ya tumbaku imekwisha kutolewa kitaluni, na kazi inayongoja mikono tarehe 1 Januari ni palizi. Jambo hili hunijia kila ninaposikia tukihimizana kuufungua mwaka kana kwamba yote yaliyotangulia hufutika saa sita usiku. Naamini Maandiko yanatufundisha kuanza upya kwa namna nyingine, iliyo ngumu zaidi na yenye tumaini kubwa zaidi.

Andiko nililolichagua kuongoza mipango yangu ya mwaka huu ni mfano wa mtini katika Luka 13:6-9. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda asiyapate, naye anaagiza mti ukatwe, lakini mtunzaji wa shamba anamsihi auache mwaka huu nao, ili aupalilie na kuutilia samadi. Mwaka ule haukuwa haki ya mtini, uliombewa. Tena aliyeuomba hakuishia kuomba tu, bali alijitwika jembe na samadi mwenyewe. Ninapousoma mfano huu mwishoni mwa Desemba, namwona Kristo akiniombea muda, na naona pia kwamba muda huo umetolewa kwa ajili ya kazi mahususi itakayofanyika ndani yangu. Paulo anayaunganisha mambo hayo mawili katika Wafilipi 2:12-13, anapotuagiza kuutimiza wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, halafu papo hapo anatukumbusha kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu.

Mimi nimelelewa katika Kanisa la Moravian, ambalo lina mizizi mirefu katika mkoa huu tangu wamisionari wake walipopokea kazi ya Urambo mwishoni mwa karne ya 19. Mkesha wa kuuaga mwaka ni urithi wa zamani kwetu, maana wazee wetu wa imani, ndugu wa Herrnhut kule Ujerumani, walikuwa wakikesha hivyo tangu mwaka 1733. Kabla ya hapo, mwaka 1728, walikuwa wameanza desturi ya kupeana neno moja la Maandiko kwa kila siku, na kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yakachapwa kuwa kitabu cha mwaka mzima. Nayataja haya kwa sababu yananisaidia kupima desturi iliyoenea siku hizi ya kuupa mwaka jina, kwamba huu ni mwaka wa kuvuka, huu ni mwaka wa kuinuliwa. Sisemi kwamba jina la namna hiyo ni baya, kwani limewatia moyo wengi waliokuwa wamekata tamaa. Hata hivyo wale wa kale walipeana neno la siku moja kwa siku moja, na andiko la siku lina tabia ya kugusa mahali ambapo mtu asingependa paguswe, ilhali jina la mwaka aghalabu huahidi lile tunalolitamani tayari.

Nirudi kwenye palizi, kwa kuwa hapo ndipo penye somo kubwa. Wakulima wa huku wanakifahamu kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kufyonza maji na chakula chini ya ardhi kwa majuma kadhaa kabla ya kuchomoza. Siku unayokiona kwa macho, mhindi umekwisha kudumaa na majani yake yamepauka, ingawa mvua haikukosekana. Mmea mmoja ukiachwa ukomae huweza kumwaga mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mizizi ya mahindi. Mama yangu huking'oa kabla hakijatoa ua, hukikusanya pembeni mwa shamba na kukichoma, na akiniona nimekiruka kimoja huniita nirudi: “Mwanangu, hicho usikiache kichanue.” Yeye pia ndiye aliyenifundisha kwamba kung'oa peke yake hakutoshi, kwa sababu kiduha hustawi zaidi katika udongo uliochoka, na pale ilipomwagwa samadi ya ng'ombe ya kutosha nguvu yake hupungua.

Ndivyo ninavyouelewa mwanzo mpya wa Mkristo. Uchungu wa moyo, tamaa ya fedha na mazoea ya uongo huanza kazi yake chini, mbali na macho ya watu, na kwa hiyo toba ya kweli haingoji aibu ichanue hadharani. Lakini toba isiyofuatwa na Neno, maombi na ushirika wa waumini huuacha udongo ukiwa umechoka vile vile, na ndiyo maana maazimio mengi ya mkesha hayafiki hata Februari.

Katika mpango wangu, jambo la kwanza ni deni. Ndugu yangu mmoja nilimkopesha fedha wakati wa msiba, hali yake haikumruhusu kurudisha, na tangu hapo salamu zetu zimekuwa za mlangoni. Kila Jumapili nimekuwa nikisali, “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu.” Nimeamua kwenda kwake kabla ya Meza ya Bwana ya kwanza ya mwaka, nikiwa na mke wangu, nikae, ninywe chai, kisha nimwambie kwa kinywa changu kwamba fedha zile zimekwisha na hakuna atakayezitaja tena. Sitaki kumtumia ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe ungenipunguzia mimi mzigo bila kumrudishia yeye uhuru wa kuingia nyumbani kwangu. Kwa anayedaiwa na anao uwezo wa kulipa, Zakayo ametangulia: alisimama mbele ya Bwana akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Januari huku ni mwezi mzito, kwani mauzo ya tumbaku bado yako mbali, ghala linaelekea kuisha, na watoto wanahitaji sare na madaftari hata pale ambapo shule haitozi ada. Mhubiri 5 inatuonya kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa, na Bwana mwenyewe alizungumza juu ya kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kwa hiyo mimi na mke wangu tutaketi na daftari kabla ya mkesha, tutenge sadaka tunayoiweza pamoja na mahitaji ya watoto, na usiku ule hatutaahidi zaidi ya hapo.

Katika kusoma Biblia, nawashauri wanaoanza wasijitwike mzigo wa sura zote 1,189, ambazo hudai sura tatu na zaidi kila siku na huwakatisha tamaa wengi wanapofika Mambo ya Walawi. Injili ya Luka ina sura 24. Familia ikisoma sura moja kila jioni baada ya chakula, itakuwa imeimaliza tarehe 24 Januari, na watoto watakuwa wamezoea kuulizwa walichosikia. Kwetu msomaji atakuwa binti yetu mkubwa, kwa sababu nimeona wadogo zake humsikiliza kwa makini kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Yakobo 4:15 inatutaka kila mpango tuutangulize kwa kusema, “Bwana akipenda.” Hapa Tabora maneno hayo yako midomoni mwa Wakristo na Waislamu sawasawa, nami nayapenda kwa kuwa yanamnyima mtu kiburi bila kumnyima bidii. Kwa moyo huo tumeweka vituo vya kujipima. Cha kwanza ni Pasaka, mvua zinapoelekea ukingoni, ambapo tutamwalika mzee wa kanisa wa mtaa wetu aombe pamoja nasi na atuulize waziwazi kama ndugu yangu ameanza kuja nyumbani. Cha pili ni majira ya mauzo ya tumbaku, kwa sababu fedha zinapoingia ndipo ibada ya jioni hupata visingizio vingi. Mzee amekwisha kukubali, na ameomba tumwandikie majina ya watu wa nyumba yetu ili aanze kutuombea mmoja mmoja tangu sasa.