Jinsi nilivyofanya tovuti yangu iache kusuasua

Kiangazi hiki nimekuwa napaka rangi chumba, maana kwa joto hili ukuta unakauka haraka, nikawa napiga picha kila hatua naziweka kwenye tovuti yangu. Zikafika 12. Ukurasa ukawa mzito balaa kwenye simu, picha zinashuka kipande kipande na maandishi yanarukaruka mpaka unapoteza ulipokuwa unasoma.

Nikabadilisha temu nzima (ule muundo wa muonekano wa tovuti), wapi. Kumbe shida ni picha zenyewe, kila moja ina upana wa pikseli 4000 na karibu MB 5, yani mtu akifungua huo ukurasa mmoja anamaliza MB 60 za bando lake, na hilo kweli liliniuma. Kuandika width="600" (upana) kwenye msimbo wa HTML wa picha nilikuwa nimeshaandika na haisaidii, inapunguza muonekano tu, faili linashuka lilelile zima.

Nikazipunguza zote ziwe pikseli 1200, nikasevu JPEG kwa ubora wa 80, kila moja ikabaki kama KB 200. Orijino weka pembeni kwanza tafadhali, ukishapunguza hazirudi. Halafu picha za chini nikaziwekea loading="lazy" zisishuke mpaka msomaji akaribie, na kila picha nikaiandikia width na height (upana na kimo) zote mbili, hapo ndo maandishi yakatulia kwasababu brauza inajua mapema iache nafasi kiasi gani.

Sasa ukurasa mzima hauzidi MB 3, unafunguka mara moja. Kesho naweka mkono wa pili wa rangi.